Je, Wajua? Wenye Hisa na Moshi wa Tanuru

Chanika, huko Ilala nyuma ya milima ya Pugu, ni mji wa mapagale. Karibu kila mtaa una nyumba iliyoishia kwenye linta, matofali yamepangwa uani yakimwagiliwa maji, na hadwea haziko mbali. Saruji inayouzwa kwenye hadwea hizo inatengenezwa na kampuni zenye wenyewe, na wenyewe wa kampuni hukutana mara moja kwa mwaka kupiga kura. Miaka hii ajenda ya mikutano hiyo imeongezewa jambo: kampuni zinazotoa moshi mwingi zitafanya nini dunia ikizidi kupata joto, na hasara itamwangukia nani. Tuangalie yaliyotokea, kuanzia kwenye mfuko.

Je, wajua kwamba mpaka mfuko mmoja wa saruji ufike dukani, kiwandani kumeshatoka takriban kilo 30 za hewa ukaa?

Hesabu yake ni nyepesi. Kwa wastani wa dunia, tani moja ya saruji huambatana na kilo 600 hivi za hewa ukaa, na mfuko wetu ni wa kilo 50. Kinachowashangaza wengi ni mahali hewa hiyo inapotoka. Tanuru huchoma mawe ya chokaa mpaka joto lifike nyuzi 1,450 hivi, na jiwe likiwa njiani kufika joto hilo linaachia hewa ukaa iliyokuwa ndani yake. Zaidi ya nusu ya hewa ukaa ya kiwanda, kama asilimia 60, hutoka kwenye jiwe lenyewe. Kwa hiyo hata ukiwasha tanuru kwa umeme wa jua mtupu, jiwe litaendelea kutoa hewa yake. Ndiyo maana saruji peke yake hubeba asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa inayozalishwa na binadamu duniani, na ndiyo maana wanaofuatilia kampuni chafu hawaishii kwenye mafuta na makaa ya mawe.

Dawa ya haraka ni kupunguza klinka, yaani yale madonge yanayotoka tanuruni, na kuongeza vitu visivyochomwa kama chokaa iliyosagwa au pozolana. Soma ubavuni mwa mfuko. Ukikuta maandishi CEM II/B, kati ya asilimia 21 na 35 ya kilichomo si klinka. Mazungumzo ya dukani hayafiki huko:

"Bosi, thelathini na mbili ipo?"

"Ipo kaka. Ila kama unamwaga nguzo chukua arobaini na mbili, fundi wako asije akakusumbua."

Muuzaji anasema kweli, maana namba hizo ni za nguvu ya saruji. Lakini kwa kawaida mfuko wa 32.5 umebeba klinka kidogo kuliko wa 42.5, hivyo mtu anayetumia 32.5 kwenye plasta na 42.5 kwenye nguzo anapunguza moshi bila kujua, na anaokoa hela. Kuna na njia ya tatu, ya wale wafyatuaji wanaotoa matofali mengi kupita kiasi kwenye mfuko mmoja. Hiyo nayo inapunguza hewa ukaa, mpaka siku ukuta unapoanguka na kazi kuanza upya.

Je, wajua kwamba hata wanahisa wote wa Tanzania wakiungana, hawawezi kuishinda kura ya mmiliki mmoja pale Wazo Hill?

Kiwanda cha Wazo Hill kilianza uzalishaji mwaka 1966. Kampuni yake, Tanzania Portland Cement, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Twiga, iliingia Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2006. Asilimia 69.25 ya hisa ziko mikononi mwa Scancem, kampuni tanzu ya Heidelberg Materials ya Ujerumani. Asilimia 30.75 iliyobaki ndiyo iliyogawanywa kati ya taasisi, mifuko na watu binafsi.

Kwenye kampuni kura hazihesabiwi kwa vichwa, zinahesabiwa kwa hisa. Walete wanahisa wadogo wote kutoka Chanika, Mbagala, Tegeta na Mwanza, waingie ukumbini kwa sauti moja, bado watashindwa kwa zaidi ya mbili kwa moja. Anayetaka kuisukuma Wazo Hill kwa njia ya kura itabidi asukume Ujerumani, kwenye mkutano wa kampuni mama.

Na huko msukumo upo. Desemba 2017 wawekezaji wakubwa wa dunia waliunda umoja unaoitwa Climate Action 100+, kwa kusudi la kuzikalia kooni kampuni zinazotoa gesijoto nyingi kuliko zote. Heidelberg imo kwenye orodha hiyo. Juni 2025 kampuni hiyo ilizindua huko Brevik, Norway, mtambo wa kunasa hewa ukaa ya kiwanda cha saruji, tani 400,000 kwa mwaka, ambazo husafirishwa kwa meli na kuzikwa chini ya Bahari ya Kaskazini. Tani hizo ni kama nusu ya hewa ukaa ya kiwanda kile. Kabla hatujapiga makofi tukumbuke kwamba serikali ya Norway ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya gharama. Wanahisa walibana, sawa, lakini aliyelipa zaidi ni hazina ya nchi yenye mafuta.

Wazo Hill ina la kujivunia ambalo halikutokana na kura ya mtu yeyote. Gesi asilia ya Songo Songo, huko Kilwa, ilipofika Dar es Salaam mwaka 2004, kiwanda hicho kilikuwa miongoni mwa wateja wa mwanzo. Gesi ilikuwa nafuu kuliko mafuta mazito, basi. Bei ilitangulia na hewa safi ikafuata.

Je, wajua kwamba mwanahisa wa kwanza msumbufu anayejulikana alilalamika mwaka 1609?

Aliitwa Isaac Le Maire, mfanyabiashara wa Amsterdam. Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki ilikuwa imeanzishwa mwaka 1602, ikachukua fedha za watu, na haikuwaonyesha hesabu. Le Maire akaandika malalamiko rasmi. Gawio lilipokuja mwaka 1610, sehemu yake ililipwa kwa basbasi. Wanahisa walipokea viungo vya pilau badala ya fedha, na kwa kuwa wote walikuwa navyo, bei ikawa hafifu.

Je, wajua kwamba hoja za kanisa kwenye mikutano ya kampuni zilianzia kwenye ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini?

Mwaka 1971 Kanisa la Episkopali la Marekani lilitumia hisa zake kuwasilisha azimio kwenye mkutano mkuu wa General Motors, likiitaka kampuni iondoke Afrika Kusini. Azimio lilishindwa kwa mbali sana, lakini mlango ulikuwa umefunguliwa. Masista wa Kidominika wa Caldwell, New Jersey, walipita mlango huohuo miaka kadhaa baadaye, wakawa wageni wa kila mwaka kwenye mikutano ya ExxonMobil wakiuliza kuhusu tabianchi. Sista Patricia Daly, aliyefariki mwaka 2022, aliifanya kazi hiyo kwa miongo. Wakurugenzi walizoea kuwaona na kuwasikiliza kwa adabu, kisha kuendelea na ajenda.

Mei 2017 adabu haikutosha. Azimio la kuitaka ExxonMobil ieleze hadharani jinsi juhudi za kuzuia ongezeko la joto zitakavyoathiri biashara yake lilipata asilimia 62.3 ya kura, ingawa bodi ilikuwa imewaomba wanahisa walikatae. Kilichobadilika ni kwamba mameneja wa fedha za pensheni walianza kuuliza swali la masista kwa lugha ya hasara: mafuta yenu yakikosa mnunuzi, fedha za wastaafu wetu zitakuwa wapi?

Je, wajua kwamba siku moja tu, tarehe 26 Mei 2021, kampuni tatu za mafuta zilipata kibano kwa pamoja?

Ilikuwa Jumatano. The Hague, mahakama iliiamuru Shell ipunguze gesijoto zake kwa asilimia 45 ifikapo 2030. Wanahisa wa Chevron walipitisha kwa asilimia 61 azimio la kupunguza hata ule moshi unaotoka kwa wateja wanaochoma mafuta yake. Na kwenye mkutano wa ExxonMobil, mfuko mdogo uitwao Engine No. 1, wenye asilimia 0.02 tu ya hisa, uliwang'oa wakurugenzi na hatimaye kuingiza watu wake watatu kwenye bodi ya watu 12.

Asilimia 0.02 haichagui hata mjumbe wa nyumba kumi. Engine No. 1 ilishinda kwa kuwa mifuko mikubwa ya BlackRock, Vanguard na State Street iliwapigia kura baadhi ya wagombea wake. Ukiona mdogo ameangusha mti, tazama nani alikuwa ameshika shoka naye.

Hukumu ya Shell ilitenguliwa na mahakama ya rufaa Novemba 2024. ExxonMobil nayo, Januari 2024, ilikwenda mahakamani Texas kuwashtaki wanahisa wake wawili, Arjuna Capital na kundi la Kiholanzi la Follow This, kwa sababu ya azimio la tabianchi walilotaka lipigiwe kura. Wakaliondoa. Mwezi uliofuata, Februari 2024, State Street na kitengo cha uwekezaji cha JPMorgan wakajitoa Climate Action 100+. Upepo wa siasa za Marekani ulikuwa umegeuka, na waliokuwa wameshika shoka wakaliweka chini.

Je, wajua kwamba wanahisa wanaweza pia kuisukuma kampuni irudi kwenye mafuta?

Hili husahaulika. Wenye umri wanakumbuka vituo vya BP jijini Dar es Salaam kabla ya kuwa vya Puma mwanzoni mwa miaka ya 2010. BP ilitangaza mwaka 2020 kwamba itapunguza uzalishaji wa mafuta na gesi kwa asilimia 40 ifikapo 2030. Februari 2023 ikashusha ahadi hadi asilimia 25. Halafu akaingia Elliott Management, mwekezaji mkali anayedai faida, akanunua karibu asilimia 5 ya hisa, na Februari 2025 BP ikaitupa ahadi yenyewe. Aprili mwaka huohuo karibu robo ya kura zilimkataa mwenyekiti wa bodi, Helge Lund. Kwa hiyo anayesema "wanahisa wanataka dunia safi" aulizwe kwanza ni wanahisa wapi. Kura ni ya mwenye hisa, naye anaweza kuwa sista au anaweza kuwa Elliott.

Je, wajua kwamba bomba linaloishia Tanga limepigiwa kelele Paris kwa miaka mfululizo, nasi tumo kwenye orodha ya wanahisa wake?

Bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki lina urefu wa kilomita 1,443, kutoka Kabaale, Hoima, mpaka Chongoleani, Tanga. Kilomita 1,147 ziko Tanzania, zikipita mikoa minane. Mafuta ya Ziwa Albert ni mazito yenye nta, yakipoa yanaganda, hivyo bomba lote lazima lipashwe joto la nyuzi 50 hivi. Hakuna bomba refu la kupashwa joto kulizidi duniani. Likijaa litasukuma mapipa 246,000 kwa siku.

Hisa zimegawanywa hivi: TotalEnergies ya Ufaransa asilimia 62, shirika la mafuta la Uganda UNOC asilimia 15, TPDC yetu asilimia 15, na CNOOC ya China asilimia 8. Ukitazama mgawanyo huo utaona hesabu ileile ya Wazo Hill: mmoja ana zaidi ya nusu. Wapinzani wa bomba wakaelekeza nguvu zao kwa wenye hisa wa TotalEnergies wenyewe.

Mei 2022 wanaharakati walifunga milango ya mkutano mkuu Paris, na wanahisa wengi hawakuweza kuingia. Mei 2023 ilikuwa zamu ya polisi, wakarusha mabomu ya machozi nje ya ukumbi wa Salle Pleyel tangu asubuhi. Ndani, azimio la Follow This la kuitaka kampuni ilinganishe malengo yake na Mkataba wa Paris lilipata asilimia 30.4. Mpango wa kampuni wenyewe ukapita kwa karibu asilimia 89. Ukijumlisha utaona kwamba kuna wanahisa walioipigia kura kampuni na wapinzani wake kwa mkupuo mmoja. Watu wazima hao, wenye mabilioni, wakasema ndiyo mara mbili.

Mahakamani nako mashirika ya Ufaransa na Uganda yalikataliwa Februari 2023. Yaliyofanikiwa kidogo yalikuwa kwenye mabenki. Benki nyingi kubwa za Ulaya na Marekani, na kampuni nyingi za bima, zilitangaza kwamba hazitaligusa bomba. Ujenzi ukaendelea kwa fedha za wanahisa wenyewe, mpaka Machi 2025 ulipotangazwa mkopo wa awamu ya kwanza kutoka Afreximbank, Standard Bank ya Afrika Kusini, Stanbic Uganda, KCB Uganda na taasisi ya Kiislamu ya maendeleo ya sekta binafsi, ICD.

Jina la Standard Bank lina historia yake. Mei 2019 ilikuwa kampuni ya kwanza ya Afrika Kusini ambayo maazimio ya tabianchi ya wanahisa wake yalipigiwa kura, na moja, la kuitaka itangaze sera yake ya kukopesha makaa ya mawe, lilipita kwa asilimia 55. Sera ikatoka. Mkopo wa bomba nao ukatoka. Wanahisa waliuliza kuhusu makaa, na benki ikawajibu kuhusu makaa.

Wengi huniudhi hapa kwa kulifanya bomba liwe ugomvi wa Wazungu na Waafrika, kana kwamba Chongoleani haina wenyewe. Hoja kwamba nchi zetu zimechangia moshi kidogo sana ni ya kweli, na kwamba walioneemeka na mafuta karne nzima hawana uso wa kutukataza, nayo ina uzito. Lakini asilimia 15 ya TPDC ni mali ya umma. Kama mahitaji ya mafuta yatashuka kabla bomba halijarudisha gharama zake, hasara itagawanywa kwa hisa kama ambavyo faida ingegawanywa. Mwanahisa wa Paris anaweza kuuza hisa zake jioni moja akaenda kula chakula cha usiku. Sisi bomba liko ardhini kwetu, hatuliuzi kwa simu. Kwa hiyo sisi ndio tungepaswa kuwa wanahisa wenye maswali mengi zaidi, bila kungoja kufundishwa na Follow This.

Gesi ya Lindi nayo ina hesabu ya namna hii. Equinor, inayoongoza kitalu namba 2 ikiwa na ExxonMobil, ni ya serikali ya Norway kwa asilimia 67. Azimio lolote la wanahisa wadogo wa Oslo hutegemea waziri mmoja atapiga kura gani.

Je, wajua kwamba kuna kampuni ya Afrika Mashariki iliyokwisha kupoteza fedha za wanahisa wake kwenye makaa ya mawe?

Ni Centum, iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa la Nairobi. Ilikuwa mwekezaji mkuu wa Amu Power, mradi wa mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliopangwa kujengwa Kwasasi, Lamu, kwa dola bilioni 2 hivi. Wavuvi na wazee wa Lamu, kupitia Save Lamu, walikwenda kwenye baraza la rufaa la mazingira. Hawakuwa na hisa hata moja. Tarehe 26 Juni 2019 baraza likafuta leseni, kwa sababu tathmini ya athari za mazingira haikuwashirikisha wananchi ipasavyo na suala la tabianchi halikuangaliwa inavyotakiwa. Benki ya Maendeleo ya Afrika ikajiondoa, na Novemba 2020 benki ya ICBC ya China nayo ikajitoa. Centum ikafuta kwenye vitabu vyake takriban Sh bilioni 2.1 za Kenya.

Hatari ya tabianchi kwa mwekezaji inaonekana hivi inapofika mlangoni: barua ya baraza, benki inayoomba udhuru, na mstari mwekundu kwenye hesabu za mwaka. Watu wa Lamu wasio na hisa waliwafundisha wanahisa wa Nairobi somo ambalo mikutano yao ya mwaka haikuwafundisha.

Je, wajua kwamba kampuni ikibanwa sana inaweza kujisafisha kwa kuuza kiwanda, na moshi ukabaki palepale?

Holcim ya Uswisi, mmoja wa wakubwa wa saruji duniani, imekuwa ikiuza viwanda vyake katika nchi zinazoendelea kimoja baada ya kingine: India mwaka 2022, Hima ya Uganda mwaka 2024, na Desemba 2024 Bamburi ya Mombasa, iliyochukuliwa na Amsons ya Tanzania. Amsons ndio wenye saruji ya Camel, ya Mbagala, na mwaka huohuo wa 2024 walichukua Tanga Cement, wenye Simba, kutoka kwa Scancem.

Kwa Mtanzania ni habari ya fahari kuona kampuni ya nyumbani imenunua Bamburi. Sina neno na hilo. Ila itazame kwa jicho la wawekezaji wa Ulaya: kila tanuru linapouzwa, takwimu za moshi za muuzaji zinashuka, ripoti yake inapendeza, na mwanahisa wa Zurich analala vizuri. Tanuru la Bamburi linaendelea kuwaka. Mmiliki mpya ni kampuni ya familia, haina mkutano mkuu ambao mtu wa nje anaweza kununua hisa tano na kwenda kuuliza swali. Uuzaji umemwondoa hata yule mwanahisa msumbufu. Sababu za Holcim kuuza ni nyingi, faida ikiwemo, lakini wanaosherehekea "kujitoa" kwa kampuni chafu wangefanya vema kuuliza aliyepokea ni nani na anawajibika kwa nani.

Je, wajua kwamba huenda una hisa bila kujua?

Mwalimu wa Zingiziwa au muuguzi wa Chanika aliyeweka akiba kwenye Mfuko wa Umoja wa UTT, ulioanza mwaka 2005, anamiliki kipande cha kampuni zilizoko soko la hisa, kwa sababu sehemu ya fedha za mfuko huo hununua hisa. Michango ya hifadhi ya jamii nayo huwekezwa. Kura, hata hivyo, hupigwa na meneja wa mfuko. Huko Marekani na Uingereza vita vingi vya tabianchi havikupiganwa na watu binafsi, vilipiganwa na mifuko ya pensheni kama ule wa jimbo la New York, uliokuwa nyuma ya azimio la ExxonMobil la 2017. Kwa hiyo swali la kwanza la mwanachama wa mfuko si kwa kampuni ya saruji. Ni kwa mfuko wake: mlipigaje kura?

Aliye na hisa kwa jina lake ana njia fupi zaidi. Sheria ya Kampuni ya mwaka 2002 inawaruhusu wanahisa wenye sehemu ya kumi ya mtaji wenye haki ya kura kudai mkutano wa dharura. Sehemu ya kumi ni kubwa, haifikiwi na vikoba vya mtaa. Lakini kuuliza kwenye mkutano wa mwaka hakuhitaji asilimia yoyote, hisa moja inatosha kukuweka ukumbini. Kwenye mikutano mingi maswali huwa ya gawio: mbona limepungua, mbona limechelewa, litalipwa lini. Ni maswali halali. Ongeza mengine mawili ambayo wakurugenzi hawayatarajii. Kiasi cha klinka kwenye saruji yenu kimeshuka au kimepanda mwaka huu? Na gesi ikikatika au ikipanda bei, tanuru litawashwa kwa nini?

Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwaka 2022 mwongozo unaozitaka benki zisimamie hatari za kifedha zinazotokana na tabianchi. Benki inayokikopesha kiwanda sasa inatakiwa kuuliza maswali ya namna hiyo, na inayokopesha ghala la Jangwani, kwenye bonde la Msimbazi, inatakiwa kuuliza kuhusu maji. Mto Msimbazi unaanzia milima ya Pugu, jirani kabisa na Chanika, na Desemba 2011 mvua kubwa kuliko zote kwa zaidi ya miaka 50 iliufanya uue watu zaidi ya 40 jijini, na familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Mkopeshaji mwenye kumbukumbu hahitaji ripoti ya Paris kulijua hilo.

Tangazo la mkutano mkuu wa mwaka hutolewa siku 21 kabla. Asiyeweza kufika hujaza fomu ya uwakilishi na kuirudisha mapema. Fomu hiyo ina nafasi ya kuandika jina la mtu unayemtuma, na wengi huiacha wazi, kura yao ikaangukia kwa mwenyekiti wa mkutano. Andika jina la mtu unayemjua, asiyeona haya kunyanyua mkono.